Camping ya Suffolk: nilivyomwonea wivu mzee wa miaka sabini na nne kwa sababu ya binti yangu mwenyewe

Habari za jioni wakuu.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo niko off, mke yuko kazini, nimejipikia chai yangu, nikasema acha niumalize tu. Najua humu kuna wenzangu wenye watoto huku majuu, na huenda wanafanya kosa lile lile bila kujua.

Sitaongeza chumvi. Mahali nilipofanya upuuzi nitasema nimefanya upuuzi, na nyie mtanisema mnavyotaka.

Mimi ni mtu wa Tanga, nina mwaka wa kumi na saba hapa London. Naendesha basi, na tunaishi Stratford. Mke wangu Rehema ni carer, anazunguka kwenye nyumba za wazee, anawaogesha, anawapa dawa, anawapikia uji. Tuna mtoto mmoja, Zuhura, ana miaka kumi na mitatu, kazaliwa hapa hapa.

Kabla sijaenda mbali niseme neno kuhusu huo wivu. Mkisikia mwanamume kamwonea wivu mwenzake, mnawaza mambo ya mke. Hapana. Kwa mke sina wasiwasi. Niliyemwonea wivu mimi ni mzee wa Kihindi, kafiwa na mkewe, goti lake bovu, na kuendesha kwenyewe anaendesha polepole mpaka baiskeli zinampita.

Twende taratibu.

Zuhura Kiswahili anakisikia chote. Ukimwambia lete chumvi, analeta. Ukimsema kwa mafumbo anajua kwamba anasemwa yeye. Lakini kujibu ni Kiingereza tu.

"Zuhura, umekula?"

"Yeah."

"Shule vipi leo?"

"Fine."

Sasa mimi ni mtu wa Tanga jamani. Sisi Kiswahili tunakiona kama tumekifinyanga wenyewe. Ndugu wakipiga simu wanamtaka mtoto, mtoto anatikisa kichwa na kuingia chumbani, mimi nabaki kutunga uongo. Amelala. Ana homework. Yuko bafuni. Kuna siku dada yangu aliniuliza huyo mtoto huwa anaoga mara ngapi.

Nilijaribu kuweka sheria kwamba ndani ya nyumba ni Kiswahili tu. Mtoto akanyamaza kabisa. Siku tatu anaonyesha vitu kwa kidole. Rehema akaniambia, "Baba Zuhura, ondoa hiyo sheria yako, nyumba imekuwa kama ina msiba." Nikaiondoa.

Nikajiambia ndivyo walivyo watoto wa huku, basi.

Sasa huyu Mzee Kanti anaingiaje?

Miaka michache nyuma Rehema alipangiwa kumhudumia bibi mmoja mgonjwa huko Queensbury. Kutoka kwetu ni safari kweli, unapanda treni ya Jubilee pale inapoanzia na unakaribia kuimaliza. Siku ya kwanza yuko kwenye korido ya ile nyumba ananipigia simu, mume wa yule bibi akamsikia. Alipokata simu, mzee kasimama mlangoni anatabasamu: "Mama, wewe natoka Tanganyika?"

Mzee mwenyewe alizaliwa Kisumu, baba yake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Alikuja huku akiwa kijana, na hajarudi tena.

Tangu siku hiyo Rehema na wale wazee wawili wakawa watu wa Kiswahili. Yule bibi alipofariki tulikwenda kuwapa pole. Urafiki ukabaki.

Wale wazee walikuwa watu wa camping tangu ujana wao. Mzee alipobaki peke yake akaendelea, sasa anakwenda na mjukuu wake Priya, ambaye ni umri mmoja na Zuhura. Ndipo akamwomba Rehema, Zuhura awe anakwenda nao ili Priya apate mwenzake.

Mimi nilicheka sana. Nikamwambia Rehema, babu yangu alilala chini maisha yake yote na hakuwahi kufanya booking.

Kwa wasiojua, huku kuna mapori ya serikali na mbuga ndogo ndogo za halmashauri, nje ya miji. Unaingia mtandaoni, unachagua tarehe, unapewa kipande cha nyasi chenye namba. Unafika, unasimamisha hema lako juu ya namba yako. Kuna choo cha pamoja, bomba la maji, na tangazo la kukukataza kuwasha moto chini. Hakuna simba, hakuna nyoka wa maana. Wazungu wanaacha nyumba zenye heater wanakwenda kulala pale, na wanarudi wamefurahi kweli kweli.

Zuhura akaenda mara ya kwanza kwenye ile likizo fupi ya shule, half term ya mwezi wa tano, mbuga moja ya halmashauri huko Essex. Usiku mbili.

Aliporudi alikuwa mtoto mwingine wakuu. Ananuka moshi, viatu matope matupu, na anaongea. Anaongea! Kwa Kiingereza, lakini anaongea. Babu Kanti alifanya hivi. Babu Kanti anajua kutabiri mvua kwa kuangalia ng'ombe. Babu Kanti anapika chapati juu ya jiko la gesi dogo kama sahani.

Babu Kanti.

Baba yangu mzazi alifariki Tanga akimsikia mjukuu wake kwenye simu tu. Na huyu wa Queensbury kapewa u-babu kwa usiku mbili.

Nikameza. Mwezi wa sita wakaenda tena, na wa saba tena. Kila akirudi, mimi ndiye ninayefua sleeping bag, na mimi ndiye ninayesikiliza sifa. Ikafika mahali nikimsikia Rehema anataja Queensbury tu, kifua kinabana. Nilianza kumtafutia yule mzee makosa. Kwa nini anaendesha gari bovu? Kwa nini anawapeleka watoto porini kwenye baridi? Rehema alikuwa ananitazama tu.

Mwezi wa nane wakapanga safari kubwa, usiku tatu, msitu wa serikali huko Suffolk. Nikachukua leave bila kumwambia mtu. Jioni moja nikatangaza mezani: na mimi naenda.

Zuhura akaacha kutafuna. "You? Camping?"

"Mimi. Kwani mimi sina mgongo wa kulalia?"

Akamwangalia mama yake. Mama yake akasema, "Haya, nendeni mkafurahi," na nikaona kabisa anauma mdomo asicheke. Yeye alikuwa na shift wiki nzima.

Nikaagiza hema langu mwenyewe mtandaoni. Sikutaka kulala kwenye hema la Mzee Kanti.

Ijumaa asubuhi mzee akaja kutuchukua. Gari limejaa masanduku hadi kwenye dari. Priya yuko nyuma. Nikafungua mlango wa mbele, kama baba mtu mzima, mzee akasema kwa upole, "Baba Zuhura, samahani, Zuhura nakaa mbele, yeye nasoma ramani."

Wakuu, nilisafiri masaa mawili na zaidi nyuma, magoti yamegusa kidevu, nimepakata sanduku la barafu. Mimi, dereva wa basi.

Tulipotoka mjini tu ndipo nikasikia kitu ambacho sikukitegemea.

"Babu, tumesahau kiberiti tena?"

Nikadhani ni redio.

"Hapana sahau. Iko kwa sanduku ya blue."

"Ile ya chini au ile ya juu?"

"Ya chini. Wewe liweka mwenyewe, sasa nauliza mimi!"

Na Zuhura akacheka. Binti yangu. Kiswahili kinamtoka mdomoni kama maji. Si kizuri sana, ngeli zinagongana, lakini anakiongea, na anakiongea bila hofu. Priya, ambaye hajui hata neno, anauliza wanasema nini, na Zuhura anamtafsiria!

Mnajua furaha na maumivu vikikutana inakuwaje? Nilitakiwa nifurahi. Badala yake nilikumbatia lile sanduku la barafu na nikahisi nimeibiwa. Miaka kumi na mitatu namwomba huyu mtoto neno moja. Mwingine kaja na Kiswahili cha "mimi hapana jua", kapewa lugha nzima.



Tukafika. Msitu wa misonobari, miti imepangwa mistari, harufu nzuri sana kusema kweli. Kipande chetu kiko karibu na familia moja ya Waingereza wenye mbwa mweupe.

Mzee Kanti na watoto wakasimamisha mahema mawili kabla sijamaliza kusoma maelezo ya langu. Kila mmoja anajua kazi yake. Zuhura anashika nguzo, mzee anasema "vuta, vuta, ngoja", Priya anagonga vigingi. Mimi nimekataa kusaidiwa. Hema langu likasimama limepinda upande mmoja kama shavu la mtu anayeumwa jino. Mzee akaja na nyundo yake ya mpira, akasema, "Baba Zuhura, hii kamba iko legea, mimi nafunga?"

Ndipo nikaanza ujinga wangu. Nikamjibu, "Mzee, haisemwi kamba iko legea. Kamba imelegea."

Akatabasamu. "Imelegea. Asante sana."

Nikasikia utamu. Niseme ukweli, nilisikia utamu. Basi nikaendelea. Kila akifungua mdomo nasahihisha. Si kwa sanduku, ni kwenye sanduku. Si mti mingi, ni miti mingi. Zuhura alimwambia Babu maji inachemka, nikadakia, "Yanachemka." Akasema kijiko imeanguka, nikadakia, "Kimeanguka."

Kufika saa kumi na moja jioni Zuhura alikuwa anatumia neno moja moja. Baadaye akahamia Kiingereza. Na mimi niliyaona hayo. Nilijua kabisa ninachokifanya. Nilichowaza ni kwamba afadhali, kama hasemi na mimi, basi asiseme na mtu mwingine.

Hapo ndipo wivu ulipokuwa umenifikisha.

Jua bado lipo, kiangazi huku halizami mapema. Mzee akaanza chapati. Zuhura anasukuma, mzee anageuza, Priya anapaka samli. Kuna sufuria ya dengu inanukia mpaka yule mbwa wa jirani kaja kukaa pembeni. Mtoto ambaye kwangu hajawahi hata kuosha kikombe bila kuambiwa mara nne, leo unga hadi kwenye nyusi.

Mzee akaanza kuhadithia habari za dukani kwa baba yake Kisumu. Kulikuwa na mteja aliyenunua misumari halafu akairudisha kwa sababu imekwenda kombo, kumbe ameipiga mwenyewe kombo. "Yeye nasema, Mhindi, hii msumari nalewa! Baba yangu nasema, hapana, msumari hapana kunywa, wewe iko kunywa!"

Zuhura akacheka mpaka akashika mbavu.

Nami nikaichukua ile sauti. Nikamwigiza. Nikasema kwa sauti ya juu, kwa lafudhi yake, "Msumari hapana kunywa! Mimi hapana jua! Sanduku iko kwa gari iko!" Nikacheka peke yangu. Halafu nikaongeza, "Mzee wangu, hicho si Kiswahili, hicho ni cha kuuzia misumari. Unamharibia mtoto lugha yake."

Hakuna aliyecheka.

Mzee akaweka chini mwiko wa kugeuzia, taratibu. Akapangusa mikono kwa taulo. Akasema kwa Kiingereza, na Kiingereza chake ni kizuri, cha mtu aliyesoma: "I'm so sorry. I didn't realise it was that bad." Akamgeukia Zuhura akamwambia, kwa Kiingereza vile vile, asikilize Kiswahili cha baba yake, ndicho sahihi.

Tangu dakika ile yule mzee hakusema tena neno la Kiswahili.

Chakula kililiwa kwa Kiingereza. Pass the salt. Thank you. Lovely. Watu wawili waliokuwa wanapiga soga toka Stratford hadi Suffolk, nimewazima wote kwa sentensi moja.

Asubuhi mvua ikanyesha. Si kubwa, ile ya huku ya kunyunyiza masaa. Hema langu likaingia maji upande wa kichwa. Mzee, bila kusema kitu, alikuwa ameniwekea turubai lake na jozi ya mabuti mlangoni. Yameandikwa jina la mkewe ndani kwa kalamu, lakini yalinitosha. Kama angenitukana ningejisikia vizuri zaidi.

Priya na babu yake wakaenda kuosha vyombo kwenye karo la pamoja, kule karibu na vyoo. Zuhura yuko chini ya mti, amekaa kwenye meza ya mbao, kofia ya koti hadi machoni.

Nikakaa mbele yake.

"Zuhura, una nini?"

"I'm fine."

"Mwanangu. Mbona kwa Mzee Kanti unaongea Kiswahili, na kwangu mimi hutaki?"

Maji yanadondoka kutoka kwenye matawi. Halafu akaanza, kwa Kiingereza, na nitawaandikia kwa Kiswahili maana siwezi kuyasahau yale maneno.

Alisema: Kwa sababu yeye hanicheki. Wewe ulinicheka.

Nikamuuliza lini. Akasema alikuwa na miaka saba. Tulikuwa tunaongea na Tanga kwa video, bibi yake akamuuliza asubuhi amekunywa nini. Na yeye akajibu kwa Kiswahili, kwa furaha kabisa, "Bibi, nimekunya chai."

Wakuu mnaijua tofauti ya kunywa na kunya. Herufi moja tu. Nyumba nzima kule Tanga ilianguka. Na mimi nilianguka. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Lakini si hilo tu. Nilimfanya arudie. Alirudia, akidhani amesema kitu kizuri, na mimi nimeshika simu narekodi. Nikatuma kwenye group la ukoo. Binamu zake wakampa jina, Bi Chai. Miaka sita ndugu wakipiga simu wanauliza, "Bi Chai yupo? Leo amefanya wapi?"

Mimi nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mwanzo wake ulikuwa mtoto wa miaka saba anajaribu. Kwangu kilikuwa kichekesho cha ukoo. Kwake ilikuwa sababu ya kuingia chumbani kila simu ikilia.

Akaniambia, "Babu gets it wrong all the time. I get it wrong. And nothing happens." Akavuta pumzi. "And then you did it to him."

Akaondoka kuelekea kwa Priya. Mimi nikabaki na ile meza imelowa.

Sijui nilikaa muda gani. Nakumbuka yule jirani Mzungu alipita na mbwa wake akanisalimia, nikamwinulia mkono tu.

Baadaye nikanyanyuka nikaenda kule kwenye karo. Watoto walikuwa wameshaondoka, mzee yuko peke yake anafuta sufuria.

"Shikamoo Mzee Kanti," nikasema.

"Good morning."

"Mzee wangu, nimekukosea. Jana nimekuvunjia heshima mbele ya mjukuu wako na mbele ya binti yangu. Naomba unisamehe."

Akaendelea kufuta sufuria ambayo ilikuwa imekauka zamani. Akaniambia kwa Kiingereza hakuna tatizo. Nikamwambia, "Tatizo lipo. Mimi nilikuonea wivu. Binti yangu anakusemesha wewe, mimi hanisemeshi."

Hapo akanitazama. Akasema kwa Kiswahili, lakini kwa sauti ya chini kama anaomba ruhusa:

"Mimi nasema hivi tangu mtoto. Hapana mtu alicheka. Mimi nafikiri iko sawa."

Hebu fikirieni hilo. Maisha yake yote. Nami nimemwambia porini, mbele ya watoto.

Akaendelea. Yeye na mkewe walipohamia huku walikaa nyumba moja na wazazi, na wadogo, watu tele. Kigujarati kila mtu anasikia, Kiingereza watoto wanasikia. Basi mambo yao wawili waliyasema kwa Kiswahili. Ugomvi kwa Kiswahili, mapenzi kwa Kiswahili. "Mke yangu Saroj alikufa, Kiswahili likufa kwa nyumba yangu. Watoto yangu hapana jua. Mimi nasema na nani? Na kettle?" Akacheka kidogo. "Zuhura siku ya kwanza alisema shikamoo Babu. Mimi sikujua jibu, nasema asante. Nikaenda choo nikalia."

Nikashindwa kujizuia wakuu. Nililia pale kwenye karo la kuoshea vyombo, na mabuti ya marehemu mkewe miguuni.

Nikamwambia jibu lake ni marahaba. Halafu nikashtuka, nimeshasahihisha tena! Akaona uso wangu, akanigusa bega. "Hiyo iko sawa. Hiyo mimi nataka kujua. Lakini Baba Zuhura, wewe hapana omba samahani kwa mimi. Omba kwa mtoto."

Nikamwomba. Mchana ule ule nikamwita pembeni. Nikamwambia kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kiingereza changu cha kwenye basi ili asije akasema hakuelewa: nilikosea ulipokuwa na miaka saba, na nimekosea jana.

Nilidhani atanikumbatia. Alisema, "Okay." Basi.

Jumatatu, kurudi London, gari zima lilikuwa la Kiingereza. Nilikaa nyuma na sanduku langu.

Nyumbani Rehema alishapata habari zote kabla sijavua viatu. Sitaandika aliyoniambia, humu kuna watu wa heshima. La mwisho alisema, "Mke wa yule mzee mimi ndiye niliyemfumba macho alipofariki. Na wewe umemwendea na dharau." Alininunia wiki nzima.

Nikapiga simu Tanga. Nikawaambia ndugu zangu, kuanzia leo lile jina limekufa, na anayelitaka aniite mimi. Dada akasema ni utani tu. Nikamwambia utani wa watu wazima sita kwa mtoto mmoja si utani. Ile rekodi nikaomba kila mtu aifute. Wengine walinuna, wamenuna mpaka leo.

Siku yangu ya off nikapanda Jubilee mpaka Queensbury, mwenyewe. Nilikwenda kurudisha yale mabuti na kumwomba mzee asiache kwenda na Zuhura. Nilimwona anafurahi, ingawa alijitahidi kuficha. Akaniuliza, "Na wewe nakuja?"

Nikamwambia hapana, mpaka nitakapoalikwa.

Half term ya mwezi wa kumi wakapata nafasi katika mbuga ya halmashauri huko Hertfordshire. Gari la mzee lilikuwa kwa fundi, nikaazima la rafiki yangu niwapeleke. Zuhura akaniambia waziwazi, "Dad, you're just dropping us off, yeah?"

"Nawashusha tu."

Iliniuma. Sitaki mdhani nimekuwa malaika. Niliwashusha kwenye maegesho, nikawasaidia kutoa masanduku, wakaondoka kwenye njia ya kokoto. Walipofika kama hatua thelathini nikawasikia wameanza. "Babu, goti vipi?" "Goti nasema leo mvua." Walikuwa wamengoja watoke kwangu. Nilikaa kwenye gari, dirisha liko wazi, nasikiliza mpaka sauti zikaisha kwenye miti. Ule wivu ulikuwepo pale pale kifuani. Tofauti ni kwamba safari hii niliuacha ukae, sikuupa kazi.

Nikawasha gari. Kabla sijatoka, mtu akagonga kioo.

Zuhura, anahema, amekimbia. Akaangalia kiti cha nyuma, akaniangalia mimi. Akasita. Nikaona kabisa anavyolitafuta neno, anavyoligeuza mdomoni, anavyoogopa.

"Baba," akasema. "Koti yangu iko wapi?"

Mimi mtu wa Tanga. Koti langu liko wapi. Kila mfupa wangu ulijua.

Nikamwambia, "Iko nyuma, mama. Iko kwa kiti."

Akanitazama sekunde mbili, tatu. Akachukua koti. Akatabasamu kidogo sana, kwa upande mmoja wa mdomo, akakimbia kurudi kwa wenzake.

Nilikaa pale maegesho mpaka mtu wa mbuga akaja kuniuliza kama gari limeharibika.

Wakuu, tangu siku hiyo siwezi kusema tunaongea Kiswahili nyumbani. Siku nyingine napata sentensi mbili, siku nyingine "yeah" na "fine" kama kawaida. Kwa Mzee Kanti bado anaongea zaidi, na bado inaniuma. Nimekubali kuumia.

Nilichojifunza ni kwamba mtoto wangu hakukataa lugha. Alijaribu, mimi nikamwonyesha kuwa kujaribu kunaleta aibu, halafu miaka sita nikalaumu London. Na nimejifunza kuwa wivu ukiuacha useme, unamsema vibaya hata mtu anayekufanyia hisani.

Wenye watoto majuu, au hata huko mikoani wenye watoto wanaosoma shule za Kiingereza, nyie mnafanyaje? Mtoto akikosea unasahihisha saa ngapi na unanyamaza saa ngapi? Na wale mliochekwa utotoni mkaacha kabisa lugha ya kwenu, iwe Kisambaa, Kidigo, Kichaga, yoyote, nini kiliwarudisha?

Karibuni. Mkitaka kunisema pia semeni, leo sina shift.